Umefunga dirisha, lakini programu ya nywila bado iko macho: Fahamu namna ya kuidhibiti

Ukiwa Ngara au Biharamulo na una maombi ya kutuma mtandaoni, mara nyingi safari inaishia steshenari. Ajira Portal, mkopo wa HESLB, zabuni za NeST, leseni ya biashara kwenye TAUSI, jina la biashara BRELA: kila mfumo una akaunti yake, na kila akaunti ina nywila yake, au paswedi kama wengi tunavyoiita.

Nywila zikiwa nyingi, kuna wanaoziandika nyuma ya daftari na kuna wanaotumia moja kila mahali. Wengine wameanza kutumia programu za kutunza nywila kama Bitwarden, 1Password na KeePassXC. Ni hatua nzuri. Lakini kuna jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui: ukibonyeza alama ya X, programu hizi zinaweza zisizimike, kutegemea mipangilio. Zinaweza kujificha tu na kuendelea na kazi chinichini.

Kwenye laptopu unayotumia peke yako hilo si tatizo kubwa. Kwenye kompyuta ya ofisi ya watu wengi, iwe Rulenge, Nyakanazi au kwa mawakala wa forodha pale Rusumo na Kabanga, linaweza kumwachia anayekaa baada yako akaunti zako zote.

Inafanya nini huko chinichini?

Chukulia programu hii kama sanduku la chuma. Nywila zako zote zimo ndani, zimefumbwa kiasi kwamba mtu akiiba faili lenyewe haoni kitu cha kusomeka. Sanduku linafunguliwa kwa nywila kuu moja.

Ukishaandika nywila kuu, programu inashika ufunguo kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, yaani RAM. Inabaki macho kwa sababu tatu:

- Kujaza nywila pale unapofungua tovuti.
- Kulinganisha nywila za kompyuta na za simu, ili ukibadilisha huku na kule zibadilike. KeePassXC haifanyi hivi yenyewe, kwa sababu inatunza faili lako hapohapo kwenye kompyuta.
- Kuhesabu dakika ili ijifunge yenyewe ukikaa muda bila kuitumia.

Kwa hiyo kuikuta inafanya kazi wakati hujaifungua siyo dalili ya kirusi. Ndivyo ilivyotengenezwa.

Kurudishia mlango siyo kupiga kufuli

Hapa ndipo watu wanachanganya, maana tunatumia neno "kufunga" kwa mambo tofauti kabisa:

1. Kufunga dirisha kwa X. Hapa huenda umerudishia mlango tu. Kama programu bado ipo na sanduku lilikuwa wazi, linaweza kuwa bado liko wazi.
2. Kufunga sanduku. Kwenye programu kimeandikwa "Lock". Programu inaendelea kuwepo, lakini inaachia ufunguo. Atakayeifungua ataombwa nywila kuu, au PIN na alama ya kidole kama uliziweka.
3. Kuzima programu. Unabonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye alama yake ndogo karibu na saa, kisha unachagua "Quit" au "Exit". Sasa haipo tena chinichini.
4. Kutoka kwenye akaunti. Hii ni "Log out". Kwa Bitwarden, nywila zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye kompyuta hiyo zinaondolewa, na kurudi ni lazima uingie upya.

Ukinyanyuka dakika tano kwenda kupokea simu, namba 2 inatosha. Ukiondoka kwenye kompyuta isiyo yako, nenda mpaka namba 4.

Namna ya kuiona

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager, orodha ya programu zote zinazofanya kazi wakati huo, hata zilizojificha. Tafuta jina la programu yako.

Usishtuke ukikuta jina hilohilo limejirudia mara nne au tano. Bitwarden na 1Password zimejengwa kwa teknolojia inayofanana na ya Chrome, na programu za aina hiyo hujigawa vipande: kimoja cha dirisha, kingine cha mtandao, kingine cha picha. Ni programu moja yenye mikono mingi.

Ukiwa na wasiwasi kama ni yenyewe kweli, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya jina na uchague "Open file location". Ikikupeleka kwenye folda ya Downloads au folda ya faili za muda, ina walakini. Iondoe, kisha pakua upya kutoka tovuti rasmi ya programu hiyo.

Je, ndiyo inayofanya kompyuta iwe nzito?

Mara nyingi hapana. Hapohapo kwenye Task Manager, bonyeza neno "Memory" ili programu zijipange kwa ulaji wa RAM. Kwenye kompyuta ya GB 4, mara nyingi utakuta Chrome yenye kurasa kumi na tano ndiyo iko juu. Funga kurasa usizotumia kwanza.

Kama bado unataka kupunguza mzigo, usikimbilie "End task". Kitufe hicho kinakata programu ghafla, na kama ulikuwa umeongeza nywila mpya ambayo haijahifadhiwa, inaweza kupotea. Kiweke kwa ajili ya programu iliyoganda. Njia nzuri ni kuizuia isijiwashe kila kompyuta inapowaka: kwenye Task Manager nenda sehemu ya "Startup", chagua jina lake, bonyeza "Disable". Utaiwasha mwenyewe ukiihitaji.

Ila kwa KeePassXC kumbuka kitu kimoja: ukiizima, Chrome haitajaza nywila. Ni lazima iwe imewaka na sanduku liwe wazi.

Mipangilio minne ya kufanya leo

- Muda wa kujifunga. Tafuta "Vault timeout" au "Auto-lock" kwenye mipangilio. Weka dakika tano au pungufu. Usichague "Never".
- Kompyuta ikilala. Ukifunika laptopu, mara nyingi inalala tu, haizimiki, na vilivyokuwa kwenye RAM vinabaki. Chagua sanduku lijifunge kompyuta inapolala au inapofungwa.
- Kiendelezi cha ndani ya Chrome. Kwa Bitwarden, kiendelezi cha kwenye Chrome kina mipangilio yake. Unaweza kuzima programu kubwa na kiendelezi kikabaki wazi. Kiwekee muda wake.
- Chrome yenyewe. Nayo inaweza kubaki chinichini baada ya kufungwa. Fungua mipangilio, sehemu ya "System", zima chaguo la kuendelea kuendesha programu wakati Chrome imefungwa.

Na zoea moja la bure: kila ukinyanyuka, bonyeza alama ya Windows pamoja na herufi L. Kompyuta nzima inajifunga.

Ukiwa kwenye kompyuta ya steshenari

Hapa kanuni ni fupi: usiweke programu yako ya nywila pale, na usiandike nywila kuu pale. Hujui ni nini kingine kinafanya kazi chinichini kwenye kompyuta hiyo. Zipo programu zinazorekodi kila herufi inayobonyezwa, na nywila kuu ikirekodiwa, sanduku lote limekwenda.

Badala yake, weka programu kwenye simu. Ukihitaji kuingia Ajira Portal, fungua simu, soma nywila hiyo moja, iandike. Likitokea la kutokea, umepoteza moja, na unaweza kuibadilisha jioni hiyohiyo kwa simu yako.

Mambo mengine matatu:

- Chrome ikikuuliza kama ihifadhi nywila, kataa. Ukikubali inabaki pale, na kama kompyuta haina nywila ya Windows au kila mtu anaijua, yeyote anaweza kuisoma.
- Tumia dirisha la mgeni la Chrome, "Guest". Ukilifunga, kumbukumbu za ulichofanya zinafutika kwenye Chrome hiyo. Faili ulizopakua zinabaki, hizo zifute mwenyewe.
- Ulishaingia Gmail pale ukaondoka bila kutoka? Kwenye simu, fungua akaunti yako ya Google, nenda "Security", kisha orodha ya vifaa. Itoe kompyuta hiyo ukiwa hukohuko nyumbani.

Kwako mwenye steshenari

Wateja wengi hawatakumbuka kutoka. Waanzishie kazi kwenye dirisha la mgeni tangu mwanzo, na zima kabisa chaguo la Chrome la kuhifadhi nywila. Inakulinda na wewe: akaunti ya mtu ikichezewa, wa kwanza kuulizwa ni mwenye kompyuta. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo bila ruhusa kuwa kosa, na kuikuta akaunti ya mteja iko wazi siyo ruhusa ya kuipekua.

Usisahau nywila kuu

Mipangilio yote hii itafanya uombwe nywila kuu mara nyingi zaidi, kwa hiyo ni lazima uikumbuke. Bitwarden haiwezi kukurudishia ukiisahau, kwa sababu haiifahamu. KeePassXC haina hata ofisi ya kuuliza. Chagua maneno manne au matano yasiyohusiana, marefu lakini rahisi kwako kukumbuka. Yaandike kwenye karatasi moja, iweke nyumbani pamoja na vyeti vyako vya shule na cha kuzaliwa. Isikae kwenye pochi, wala kama picha kwenye simu.

Kwa anayesubiri kuitwa kwenye usaili au mkopo wa chuo, akaunti hizi ndiyo mlango wenyewe. Leo ukimaliza kazi, tazama kona ya chini karibu na saa. Ukiona alama ya programu yako ya nywila bado ipo, ujue umerudishia mlango tu. Piga kufuli ndipo uondoke.