Massa: mzigo unamwangukia nani?

Katika makanisa ya Baraka na vijiji vya Fizi, mashariki mwa Kongo, mhubiri akisema "Mungu amenipa mzigo", hakuna anayemuuliza mzigo gani. Waumini wanaelewa kwamba kuna jambo limemkalia moyoni na anataka watu wafunge, waombe. Wengi huamini usemi huo umetoka kwa manabii wenyewe. Hapo ndipo ninapobisha.

Neno la Kiebrania ni massa, na mzizi wake ni nasa: kuinua, kubeba. Mara nyingi massa ni shehena ya kweli, kama ile iliyomlemea punda katika Kutoka 23:5. Punda huyo huruhusiwi kumpita hata kama mwenyewe anakuchukia. Ni massa pia divai, zabibu na tini ambazo Nehemia aliziona zikiingizwa Yerusalemu siku ya Sabato.

Katika Hesabu 4 massa ni kazi ya koo za Walawi. Wana wa Kohathi, wenye miaka 30 hadi 50, walipewa kubeba vyombo vitakatifu. Baadaye Musa aligawa magari ya ng'ombe: Wagershoni mawili, Wamerari manne, Wakohathi hata moja. Wao walibeba mabegani, na hiyo ilikuwa heshima yao. Fizi, bega lina kumbukumbu nyingine. Mwaka 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akatua Kibamba kuwasaidia waasi. Aliandika kwamba wapiganaji walipoambiwa wapandishe shehena mlimani walijibu kuwa wao si motokari. Yeye aliona uvivu. Mimi nasikia watu ambao wazee wao walilazimishwa upagazi.

Tuje kwa manabii. Isaya 13 inafunguliwa kwa massa juu ya Babeli, Nahumu kwa massa juu ya Ninawi. Habakuki na Malaki vivyo hivyo. Jerome, mtafsiri wa kale wa Biblia kwa Kilatini, aliandika onus, yaani mzigo, na Biblia ya Kiingereza ya 1611 ikashika njia hiyo. Watafsiri wa Biblia ya Muungano ya Kiswahili waliandika "ufunuo", nami naona walikaribia zaidi. Kwa Kiebrania hata sauti huinuliwa kwa nasa, na Balaamu katika Hesabu 23 "anainua" mithali yake. Massa ya kichwa cha unabii ni tamko lililopaazwa.

Wapo wataalamu wanaoshikilia "mzigo", kwa kuwa matamko hayo mengi ni ya hukumu. Sawa, lakini hata hapo uzito unaiangukia Babeli. Ni kweli kwamba katika Isaya 21 nabii anashikwa na uchungu kama wa mwanamke anayejifungua, ila uchungu huo umeletwa na maono aliyoyaona. Haumo katika maana ya neno.

Mahali pagumu kuliko pote ni Yeremia 23, kuanzia mstari wa 33. Watu walikuwa wakimchokoza nabii: massa ya Bwana ni nini leo? Walicheza na maana zote mbili za neno. Mungu hakucheka. Aliwakataza watu, manabii na makuhani wasiutamke tena usemi huo, na atakayeutamka ataadhibiwa yeye na nyumba yake. Sijawahi kusikia sura hiyo ikisomwa kwenye mkesha ambapo kila anayeshika kipaza sauti ana mzigo wake.

Jibu la Mungu lenyewe lina fumbo. Kiebrania tulicho nacho kinarudisha swali: massa gani! Maandishi ya kale yalikuwa konsonanti tupu, na watafsiri wa Kigiriki walizigawa herufi zilezile kwa namna nyingine: badala ya et-mah-massa walisoma attem hammassa, yaani "ninyi ndio mzigo". Jerome naye akasoma hivyo. Nawaunga mkono, kwa sababu ya maneno yanayofuata papo hapo: Mungu anasema atawatupa, kama mtu atupavyo mzigo.