Waya wa Zambarau na Barua ya Onyo

Kabla ya saa mbili asubuhi, katika ukumbi wa hoteli moja mjini Nairobi, tulimkuta bwana mmoja amepiga magoti chini ya meza akitafuta soketi ya umeme. Juu ya meza alikuwa amekwisha kupanga ubao wenye taa ndogo ndogo, mota ya ukubwa wa kopo la maziwa, na vifaa vinne vilivyounganishwa kwa waya mmoja mnene wa rangi ya zambarau. Hiyo ndiyo kazi yake. Leo Nairobi, keshokutwa Kampala, wiki ijayo Dar es Salaam. Kila afikapo hufungua ubao ule ule, huwasha mota ile ile, na kueleza jinsi mitambo ya kiwanda inavyoweza kuzungumza kwa waya mmoja tu.

Sisi hatukualikwa. Kadi za mwaliko zilikwenda kwa mameneja na mainjinia. Tuliingia kwa sababu fundi umeme wa kiwanda kimoja cha sukari, mwanachama wa chama ndugu, alipewa kiti cha injinia wake aliyekuwa likizoni, naye akatuomba tufuatane naye. Viti vilikuwa vitupu, hivyo mwenye ubao hakukataa. Ndugu yetu alikuwa na barua ya onyo mfukoni. Tutaifikia barua hiyo, lakini kwanza yafaa wasomaji waufahamu waya wenyewe.

Wazee waliofanya kazi viwandani wanakumbuka hali ilivyokuwa. Kila kipima joto, kila vali na kila swichi ya mota ilikuwa na jozi yake ya waya hadi chumba cha kuongozea mitambo. Vifaa mia tatu, jozi mia tatu. Ndani ya kabati mlijaa rilei zikilia tak-tak usiku kucha, na kubadili mpango wa kazi kulikuwa ni kung'oa waya na kuzifunga upya. Viwanda vya magari vya Marekani, ambavyo hubadili umbo la gari mara kwa mara, ndivyo vilivyochoka mapema. Mwaka 1968 kitengo cha gia cha General Motors, Hydra-Matic, kilitoa masharti ya kifaa kitakachochukua mahali pa rilei. Mwaka huo huo Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates, huko Massachusetts, walikuwa wakibuni kifaa cha namna hiyo. Kilipotoka kiliitwa Modicon 084, kwa kuwa ulikuwa mradi wao wa 84. Hicho ndicho mzazi wa kompyuta za kuongoza mitambo ambazo mafundi wetu huziita PLC.

Baada ya kifaa ikaja shida ya lugha. Mwaka 1979 Modicon ilitoa lugha yake ya mawasiliano, Modbus, ambayo hata leo imo katika viwanda vingi. Lakini kila kampuni ilikuwa na yake, na mashine zilizonunuliwa kwa wenye maduka mbalimbali hazikuelewana. General Motors walijaribu kulazimisha kanuni moja, MAP, wakaionyesha kwa mbwembwe Detroit mwaka 1985. Ilikuwa ghali na nzito, nayo ikafifia. Mwaka 1987 makampuni na vyuo 21 vya Ujerumani, kwa msaada wa serikali yao, walianza kutengeneza Profibus, mwenye huo waya wa zambarau. Wafaransa walikuwa na kanuni yao, Wamarekani nao yao. Walibishana miaka mingi, na mwishowe kanuni ya kimataifa ya IEC ikazikubali aina nane kwa mara moja! Kama sisi tungemaliza mazungumzo ya mishahara kwa kukubali viwango vinane, tungechekwa.

Ndipo walipopatikana wahubiri. Ikiwa hakuna lugha moja iliyoshinda kwa sheria, basi kila moja inahitaji watu wa kuitembeza. Wapo wanaosimama kila mwaka katika maonyesho ya Hannover, yaliyoanza mwaka 1947, na yale ya Nuremberg ya mwezi Novemba. Kule Marekani chama cha Profibus kimezunguka mji hata mji kikiendesha madarasa ya siku moja bila ada. Huku kwetu wanakuja wachache, wakibeba masanduku.

Bwana wa Nairobi alitusimulia maisha yake wakati wa chakula cha mchana. Zaidi ya nusu ya mwaka analala hotelini. Kwenye maonyesho husimama siku nne juu ya saruji iliyofunikwa zulia jembamba, jioni miguu haiingii katika viatu. Forodhani kila sanduku hufunguliwa, kwa kuwa mota yenye waya na taa haipendezi machoni pa askari. Safari moja ubao wake ulipotelea uwanja wa ndege, naye akafundisha kutwa nzima kwa kuchora ukutani. Anadai hilo lilikuwa darasa lake zuri kuliko yote, maana hakuna aliyesinzia baada ya wali. Tulimwona ni mfanyakazi kama sisi, ingawa tai yake ilituchelewesha kidogo kufikiri hivyo.

Hata hivyo hatukumwacha hivi hivi. Asubuhi alionyesha picha ya chumba cha kuongozea kilicho safi, chenye mtu mmoja mbele ya skrini tatu, akaipitisha upesi. Tukamwuliza wako wapi waliokuwa wakizunguka na daftari kusoma geji. Alijibu kwamba waya haumfukuzi mtu, anayefukuza ni meneja. Jibu hilo ni kweli nusu. Mwenye kuuza panga hawezi kusema hajui linakata nini.

Sasa turudi kwenye barua. Katika kiwanda cha ndugu yetu waya wa zambarau unatoka chumba cha kuongozea, unapita kwenye pampu na feni za boila, na unaishia kwenye kabati la mota ya mkanda unaopeleka makapi ya miwa kuchomwa. Usiku mmoja beringi ya mkanda ule ilikatika. Ndugu yetu alifanya kama alivyofundishwa na kama sheria ya usalama inavyotaka: alizima umeme wa mota, akafunga swichi kwa kufuli, akaweka kibao chenye jina lake, ndipo akaingiza mikono. Makapi ya akiba yalikuwa yakisukumwa kwa majembe, hivyo boila haikupaswa kusimama. Dakika chache baadaye skrini zilijaa alama nyekundu. Pampu za boila zilipotea katika mtandao moja baada ya nyingine, boila ikajizima, mvuke ukaisha, kinu kikasimama.

Walitafuta kosa kwa saa kumi na nne. Walibadilisha kadi, walipiga simu ng'ambo. Beringi mpya ilipopatikana, ndugu yetu akafungua kufuli na kuwasha umeme, mara mfumo wote ukafufuka. Badala ya kushukuru, wakubwa waliona ushahidi: aliyezima ndiye aliyeharibu. Akaandikiwa onyo la mwisho kwa kuchezea mfumo bila ruhusa. Na si yeye peke yake aliyeumia. Wakataji miwa hulipwa kwa tani, na kinu kikisimama hakuna tani. Walirudishwa makambini siku mbili bila kitu, na miwa iliyokwisha kukatwa ikakaa juani ikipoteza sukari. Huko makambini nako jina la fundi lilitajwa kwa hasira.

Saa tisa alasiri, wengi wakipiga miayo, bwana wa ubao alifikia somo la ncha za waya. Ishara ikifika mwisho wa waya bila kukuta kitu cha kuimeza, alisema, hurudi nyuma kama mwangwi na kugongana na ishara inayofuata. Kwa hiyo kila ncha huwekwa rezista za kuimeza, ndani ya plagi yenye swichi ndogo. Katikati ya waya swichi hizo huzimwa, katika ncha mbili huwashwa. Kisha akaongeza jambo ambalo alisema husahauliwa na wengi: rezista hizo hupata umeme wake kutoka katika kifaa kile kile cha mwisho. Ukikizima kifaa, ncha inakuwa kama haipo. Akazima kifaa cha mwisho cha ubao wake. Taa za vifaa vingine zikaanza kuwaka nyekundu, kimoja kikatoka, kikarudi, kikatoka tena.

Ndugu yetu alisimama. Hakuomba ruhusa. Alikwenda mbele, akaomba kifaa kiwashwe, kikawashwa, taa zikawa kijani. Akaomba kizimwe tena. Mara tatu. Mainjinia walidhani hajaelewa.

Kumbe ameelewa kuliko wao. Akauliza dawa yake ni nini. Bwana yule akatoa mfukoni kikasha kidogo kuliko kiberiti viwili, chenye rezista na umeme wake wa pekee. Hiki ndicho huwekwa mwishoni mwa waya ikiwa kifaa cha mwisho huenda kikazimwa kwa matengenezo. Yaani kosa lilikuwamo kiwandani tangu siku waya ulipovutwa, likimngoja fundi yeyote atakayetii sheria ya kufuli.

Tulimwuliza bwana wa ubao ni mafundi wangapi wa waya amewafundisha katika safari zake zote. Alifikiri, akasema ni wachache sana, nalo humsikitisha, kwani wanaofunga plagi ni wao. Lakini yeye hachagui wageni, kadi hutumwa ofisini. Viwanda vingi vipya sasa vinachukua Profinet, inayopita katika waya za mtandao wa kompyuta, na darasa lake nalo linatangazwa kwa kadi zile zile. Tumewaandikia wawakilishi wa chama ndugu kwamba katika mkataba unaofuata wadai kifungu: hapana mtandao mpya kuwashwa kabla mafundi wa zamu zote hawajakaa darasani kwa mshahara kamili, na mchoro wa waya ubandikwe ndani ya kabati, usifungiwe ofisini.

Jioni bwana yule alichora kwa mkono wake ncha ya waya, rezista na njia ya umeme, akaandika tarehe na kutia sahihi. Kisha akafunga masanduku, teksi ilikuwa ikimngoja. Ndugu yetu aliukunja mchoro pamoja na ile barua ya onyo, na katika basi la usiku tukaandika naye utetezi wa kurasa mbili, tukidai pia siku mbili za wakataji miwa. Tunapokwenda mitamboni kikao chake bado hakijaitishwa. Mwisho wa waya, kando ya mkanda wa makapi, kikasha bado hakijawekwa.