Wageni wa Oktoba Hula Nyuma ya Ng'ombe

Ulaya, Desemba ikiingia, watu wengi hutundika nje ya dirisha vikapu vya wavu vyenye karanga, mbegu za alizeti na mabonge ya mafuta ya wanyama. Wana sababu. Ardhi imeganda, jua linazama saa kumi jioni, na ndege mwenye gramu 11 akilala njaa usiku mrefu wa barafu huenda asiamke. Picha hizo zinatufikia kwenye simu, na wapo wanaouliza kama nasi wa Masisi na Walikale tuwatupie ndege mahindi uani.

Jibu langu ni hapana. Masisi kuna ubaridi wa milimani, lakini udongo haugandi na urefu wa siku ni karibu ule ule mwaka mzima. Walikale, chini msituni, mvua karibu haikati. Ndege mkazi wa huku hana msimu wa kufa njaa kwa sababu ya barafu. Tena ni aibu kumwaga nafaka chini katika teritwari ambazo familia nyingi zimekimbia mashamba yao kwa vita na zinahesabu vikombe vya unga.

Lakini tunalisha, tena sana, bila kujua. Kuanzia Septemba na Oktoba wanafika mbayuwayu wa Ulaya, wenye koo jekundu na mkia wa panda, pamoja na ndege mdogo wa njano atikisaye mkia, binamu wa inyamanza wetu mweusi na mweupe, yule ambaye ukoo wa Abagesera humhesabu kuwa ndege wao. Hawa hawakai kungoja karanga za dirishani, kwa kuwa hula wadudu, na kwao wadudu wametoweka. Mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, mwaka 1911 aliokotwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Tangu hapo hakuna ubishi kuhusu safari hiyo. Majira ya baridi ya Ulaya wao huyapitisha Afrika, na wengine miongoni mwao huyapitisha kwenye malisho yetu.

Simama kwenye kilima chochote cha Masisi chenye ng'ombe uangalie miguu yao. Ng'ombe akikanyaga, panzi anaruka. Ndege wa njano tayari yuko pale, hatua mbili nyuma ya kwato, anakimbia, anadaka, anatikisa mkia, anakimbia tena. Penye kinyesi kibichi hutulia kidogo, kwa sababu nzi na mende wanakuja wenyewe. Juu yake mbayuwayu wanapita chini chini wakiwazoa wadudu waliopeperuka. Machi na Aprili, mvua kubwa zinapoleta wadudu tele, ndege hawa hula kwa pupa na kunenepa: mafuta hayo ndiyo yatakayowavusha Sahara. Mahindi yako hayawasaidii kitu. Midomo yao ni myembamba kama kibano, haiwezi kupasua punje.

Watakaokuja kwenye mahindi ni kwera, tetere na panya. Kwera ukishamzoesha uani, mtama wa jirani hautasalimika, na jirani atajua nani wa kumlaumu. Kisha kuna ugonjwa. Ndege wengi wakila na kunywa mahali pamoja huambukizana. Uingereza, kuanzia 2005, kimelea kinachoenea penye chakula na maji ya pamoja kiliangamiza sehemu kubwa ya ndege wa kijani wa bustanini. Huku kwetu kuku huzurura, na chombo kimoja kikitumiwa na kuku na ndege wa porini, kinaweza kuhamisha kideri kinachofagia banda zima. Mwaka 2017 homa ya mafua ya ndege ilithibitishwa Ituri, na hapo si mbali.

Basi tushughulikie chakula chenyewe, yaani wadudu, maua na matunda. Wafugaji wengi hawajaambiwa kwamba dawa za minyoo za jamii ya ivermekitini hutoka na kinyesi zikiwa bado na nguvu, na kwa siku nyingi zinaua mabuu na mende wanaokila na kukizika kinyesi. Hasara si ya ndege peke yake: kinyesi kisichozikwa hukauka juu ya majani, na malisho yanadhoofika. Sisemi ng'ombe aachwe na minyoo. Nasema apewe dawa anayehitaji, badala ya kundi zima kwa mazoea. Na anayepulizia kabichi na viazi sumu ya wadudu kila juma, hata pasipo mdudu, afahamu kuwa anafunga jiko la wasaidizi wake, ndege wala wadudu.

Kwa ndege wakazi, uani panatosha umuko mmoja, ule mti wa maua mekundu, au kichaka cha igicumucumu pembeni ya ua. Chozi watakuja wenyewe kunyonya, bila wewe kutoa hata punje.

Walikale hadithi ni nyingine, na naieleza kwa ufupi kwa kuwa ni chungu. Kasuku wa kijivu hula matunda ya msituni na ya mchikichi. Hahitaji kulishwa na mtu, anahitaji kuachwa. Mkutano wa CITES wa 2016 uliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku waliotegwa porini. Anayemlisha karanga ndani ya kizimba amekwisha kumtoa kwenye kazi yake ya kuzaa.

Wewe mwenye ng'ombe, kabla ya kununua dawa Oktoba hii, muulize daktari wa mifugo ni ng'ombe yupi hasa anayehitaji, na kama ipo dawa nyingine isiyoua mende wa kinyesi.