Ladha ya Maandishi Yanapoghaniwa: Nafasi ya Sauti katika Utenzi wa Kiswahili

Tenzi za kale za upwa wa Afrika Mashariki hazikutungwa ili zisomwe kimyakimya. Ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, zikahifadhiwa katika miswada, kisha zikaghaniwa mbele ya hadhira. Makala hii inafafanua kwa nini hadhira hiyo ilipata ladha ambayo macho pekee hayaipati.

Sababu ya kwanza inatokana na hati yenyewe. Hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Aidha, katika miswada mingi ya kale herufi moja iliwakilisha sauti b, p na mb. Hivyo, maneno baba, papa, bamba na pamba yangeweza kuandikwa kwa namna moja. Mghani alilazimika kuitambua maana kabla ya kutamka. Alichosikia msikilizaji kilikuwa tayari ni fasiri ya mjuzi.

Sababu ya pili ni umbo. Ubeti wa utenzi huwa na mishororo 4, kwa kawaida yenye mizani 8 kila mmoja. Mishororo 3 ya kwanza hushiriki kina kimoja. Wa 4 hubeba kina kinachorudi katika kila ubeti hadi tamati. Sikio hujifunza kukingojea. Mghani stadi huitumia subira hiyo: huvuta silabi, hutua kidogo, hushusha sauti penye huzuni, kisha hukifikisha kina kwa wakati wake. Raha ya msikilizaji imo katika kungoja huko na kutimiziwa.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unadhihirisha hoja hii. Mama mgonjwa anamwita bintiye aje na wino na karatasi auandike wasia. Kwa hiyo maandishi hayo yalianza yakiwa sauti ya mama, na kila anayeyaghani huwaweka wasikilizaji mahali pa binti.

Hivyo basi, uhakiki unaohesabu mizani na kuainisha vina kwa macho tu huacha nje sehemu ya kazi yenyewe. Muswada waweza kusalimika maktabani kwa karne nyingi. Mghani akifariki bila kurekodiwa, namna yake ya kuusoma hufukiwa pamoja naye. Kurekodi sauti za waghani, kwa sababu hiyo, ni sehemu ya kuhifadhi matini.