Ugonjwa Ambao Akina Mama Huuficha

Kuna ugonjwa ambao akina mama wengi wanao, lakini hawausemi. Mama amekwisha zaa watoto wanne au watano. Akikohoa, akicheka, au akijitwika bidoni ya maji, mkojo unamponyoka. Basi anaona haya na kujitenga: haendi tena arusini, kanisani anakaa karibu na mlango, na mumewe hamwambii neno. Moyoni anasema: "Ndiyo desturi ya uzazi, nitavumilia." Kumbe, si lazima kuvumilia. Kuna mazoezi yanayowasaidia wengi, bila kisu, na mara nyingi bila dawa.

Sababu yake ni nini?

Chini ya tumbo, katikati ya mifupa ya nyonga, iko misuli inayobeba kibofu, kizazi na utumbo. Ifikiri kama kitenge ambacho mama humbebea mtoto mgongoni. Kitenge kikilegea, mtoto huteremka. Lakini mama hakitupi, hukifunga upya. Mimba, uzazi, kikohozi cha siku nyingi, choo kigumu, mizigo mizito na umri, vyote huweza kuilegeza misuli hiyo. Nayo ikizoezwa vema, hupata nguvu tena. Mwaka 1948 mganga wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika habari za mazoezi haya, na tangu hapo yamefundishwa katika nchi nyingi.

Utakuta nini hospitalini?

Anayeyafundisha ni mganga wa mazoezi ya viungo. Wengi kwetu humwita kine. Siku ya kwanza atakuuliza maswali: Umezaa mara ngapi? Mkojo hukuponyoka wakati gani? Unapata choo vizuri? Je, unaona maumivu katika tendo la ndoa? Mjibu bila kuficha. Maswali hayo si ya kukuaibisha. Pengine atakuagiza uandike, kwa muda wa siku tatu, saa unazokunywa na saa unazokwenda kukojoa.

Kisha atatazama mgongo, tumbo, na namna unavyopumua. Ili ajue nguvu ya misuli, huenda akaomba kupima kwa ndani, kwa kidole kilichovaa mpira. Jambo hilo lisikutishe. Kwanza ni lazima akueleze, nawe ukubali. Una haki ya kukataa, ya kuomba mganga mwanamke, au ya kuwa na mwenzako karibu. Pakiuma, sema, naye aache.

Mazoezi yenyewe

Kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo na upepo pamoja, ukiivuta kwenda juu. Usizuie pumzi, usikaze mapaja wala matako. Hesabu polepole hadi tano, kisha legeza kabisa na upumzike. Wengi hufundishwa kufanya hivyo mara nane au kumi, mara tatu kila siku. Tena, kabla ya kukohoa au kuinua mzigo, kaza kwanza. Usiyafanye wakati wa kukojoa, maana kibofu hakitatoka mkojo wote.

Usitazamie kupona kwa juma moja. Yahitaji uvumilivu wa miezi mitatu hivi, kila siku. Wala usipunguze maji ukidhani utakauka: mkojo mkali hukichokoza kibofu. Kula mboga, maharagwe na matunda ili choo kiwe laini.

Lakini angalia: mama wengine misuli yao haikulegea, bali imekazana mno, nao huona maumivu. Hao hufundishwa kulegeza, si kukaza. Ndiyo sababu yafaa kupimwa kwanza.

Wakati mazoezi hayatoshi

Mkojo ukitiririka mchana na usiku bila kukoma, hasa baada ya uchungu wa siku nyingi, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Mazoezi hayawezi kuliziba. Nenda hospitali upesi. Hospitali ya Panzi katika Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999, inajulikana sana kwa kuwapasua na kuwaponya wagonjwa wa namna hiyo. Baada ya kupasuliwa, mganga akiruhusu, mazoezi husaidia mama kuuzuia mkojo tena. Vilevile usikawie ukiona damu katika mkojo, homa, au kitu kinachoteremka njiani.

Nanyi waume, msimcheke wala kumfukuza mke aliyedhoofika kwa kuwazalieni watoto. Chukueni bidoni ya maji mahali pake, mpeni nafasi ya mazoezi, na msindikizeni kwa mganga. Mabinti nao wamsaidie mama kazi nzito.

Na wewe mama unayesoma maneno haya, huhitaji hotuba ndefu mbele ya mganga au mkunga. Maneno mawili yatosha: "Mkojo unaniponyoka." Amekwisha kuyasikia kwa wengi kabla yako, naye hatashangaa.