"Hot" Siyo Joto Peke Yake

Nilipoombwa niandike chochote kwa ajili ya wenzetu wanaokwenda mafunzo kwa vitendo, nilifikiria kuandika mambo ya mashine. Lakini kilichokaribia kunitoa roho hapa Sydney siyo mashine. Ni neno la Kiingereza tulilofundishwa wote shule ya msingi: hot.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa Port Botany, ile bandari ya makontena iliyo kusini ya chuo, nikijifunza kazi kwenye kampuni moja ya matengenezo (jina naliacha). Siku hiyo tulikwenda kutafuta kiungo cha waya kilicholegea ndani ya kabati la umeme linalolisha makontena ya friji. Kiungo kikilegea huwa kinachemka, ndiyo dalili yake. Mlango wa kabati uko wazi, msimamizi wangu, mzee aliyefanya kazi miaka mingi kule Texas, akaninyooshea kidole kipande cha shaba: "Watch it, that one's hot."

Mimi nikajua tayari, kiungo kimepatikana. Nikadhani na umeme wa upande ule umeshazimwa. Nikainua mkono nipime. Mnajua tunavyopima pasi nyumbani, unasogeza mgongo wa mkono taratibu, ukisikia joto unarudisha. Nasogeza, sisikii kitu. Nasogeza tena, shaba iko baridi kama kawaida. Zilibaki kama sentimita kumi hivi nilipovutwa kola kwa nguvu nikarudi nyuma hatua mbili. Jamani, pale palikuwa na volti zaidi ya 400, na katika kuchemka hapakuwa na kuchemka kokote.

Kumbe kwa Wamarekani waya ulio "hot" ni waya wenye umeme, hata ukiwa umelala kwenye barafu. Waaustralia wenyewe hupenda kusema "live", na ule waya unaoleta umeme wanauita "active". Fundi wa kwetu angesema "ina umeme hiyo" na mambo yangeishia hapo. Mzee hakukosea Kiingereza, na mimi sikukisikia vibaya. Kila mtu alikuwa na "hot" yake.

Tangu siku hiyo nikaanza kulifuatilia neno hili kama mtu anayefuatilia deni. Nilichogundua ni kwamba mara nyingi kazini "hot" haikwambii kitu kina nyuzi ngapi. Inakwambia kitu hicho kinaweza kukufanya nini.

Tuanze na mepesi. Mezani, "hot" ni joto na pia ni ukali wa pilipili. Sisi tumetenganisha: chakula cha moto ni kimoja, chakula kikali ni kingine. Ukiulizwa kwenye mgahawa wa Kithai kama unapenda hot, usijibu haraka haraka ndiyo ukidhani wanakuuliza kama wakupashie. Halafu hapa Australia kuna "hot chips". Ni chipsi zetu zile zile za kukaanga, ila kwa kuwa crisps za kwenye pakiti nazo wanaziita chips, ikabidi za moto zitajwe hivyo. Mtu akikuuzia laptop kwa bei ya kutupa na mwenzako akakunong'oneza kuwa ni hot, achana nayo, ni ya wizi. Na msichana au mvulana akisemwa ni hot, hana homa, hiyo mnaijua bila msaada wangu.

Sasa turudi bandarini, maana huko ndiko neno linakofanya kazi nzito. Mlangoni tu utakutana na "hot work". Hii ni kazi yoyote inayoweza kuwasha moto: kuchomelea, kukata chuma kwa gesi, hata kusaga kwa grainda. Huruhusiwi kuianza bila kibali cha maandishi. Kabla ya kibali panapimwa kama kuna gesi inayoweza kulipuka, vitu vya kuungua vinaondolewa au kufunikwa, na anawekwa mtu ambaye kazi yake ni kuangalia moto tu. Huyo anabaki pale hata baada ya fundi kufunga vifaa, kwa kawaida nusu saa au zaidi, kwa sababu cheche inaweza kujificha kwenye takataka ikaanza kufuka watu wakiwa wameshakwenda kunywa chai.

Port Botany hawafanyi mchezo na hilo, na wana sababu. Siyo makontena tu pale. Kuna gati la mafuta na gesi, na chini ya ardhi, zaidi ya mita 100 ndani ya mwamba, kuna pango lililochimbwa kuhifadhi hadi tani 65,000 za gesi ya kupikia. Na hapa ndipo neno linapochekesha. Propeni ikisafirishwa kwenye meli kubwa za gesi hupozwa mpaka karibu nyuzi 42 chini ya sifuri ili iwe kimiminika. Ni baridi ambayo ngozi yako ikiigusa inaharibika kama iliyoungua. Karibu na kitu baridi kiasi hicho ndipo "hot" inapoogopwa kuliko mahali pengine popote.

Wenzangu wa uhandisi wa mitambo na wa madini, hapa msinisinzie. Sisi darasani tumefundishwa "hot working" na "cold working", na siyo hayo ya kwenye kibali. Kwenye somo la metali, kazi ni hot kama unaifinyanga metali ikiwa juu ya joto ambalo punje zake hujipanga upya. Kila metali ina kiwango chake. Risasi, ile metali nzito laini, hujipanga upya hata kwenye joto la kawaida la chumba. Kwa hiyo ukiigonga nyundo mezani asubuhi ya baridi, kwa kitabu chetu umefanya hot working. Tungsteni ukiipasha mpaka nyuzi 1000, inang'aa kwa wekundu, ukiifinyanga hapo bado ni cold working! Sasa mchukue mwanafunzi aliyefaulu somo hilo, mpeleke bandarini, umwambie akate bomba kwa grainda. Bomba ni la baridi, hakuna kinachofinyangwa, atasema hii siyo hot work. Cheche haijui alipata alama ngapi.

Makontena ya friji nayo yana "hot" yao. Wanaosafirisha matunda wanaita "hot stuffing" pale mzigo unapopakiwa kwenye kontena kabla haujapozwa vizuri. Tunda lenyewe linaweza kuwa na nyuzi 22 tu, joto ambalo wewe na mimi tunaliita hali ya hewa nzuri. Lakini ndizi inatakiwa isafiri kwenye nyuzi 13 au 14 hivi, na mashine ya kontena imeundwa hasa kutunza baridi iliyopo, siyo kushusha haraka joto la mzigo mzima. Ukipakia hot, itahangaika siku kadhaa, na katikati ya marobota tunda linaanza kuiva safarini. Wenzetu wanaotoa parachichi kwa meli kupitia Mombasa wanajua uchungu wa hili kuliko mimi.

Kwa Wamarekani kuna "hot cargo" pia, mzigo ambao chama cha wafanyakazi kinakataa kuugusa kwa sababu ya mgomo au ugomvi na mwenyewe. Sheria yao ya mwaka 1959 ilipiga marufuku mikataba ya namna hiyo kati ya vyama na waajiri. Mzigo wa kukataliwa hivyo ulionekana San Francisco mwaka 1984, makuli walipokaa siku 11 bila kupakua shehena ya Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi kutoka meli ya Nedlloyd Kimberley. Nilipolisoma hilo nilijisikia vizuri.

Ukitoka bandarini ukaelekea kusini magharibi mwa jiji kuna Lucas Heights, kwenye kinu cha nyuklia cha OPAL kilichozinduliwa mwaka 2007. Huko "hot cell" ni chumba chenye kuta nene ambamo vitu vyenye mionzi hushughulikiwa kwa mikono ya mashine, mtu akiwa nje nyuma ya kioo kizito. Chumba hakina joto la kutisha. Kinachoua hakisikiki kwenye ngozi kabisa, na ule mtindo wangu wa mgongo wa mkono hauna kazi.

Tusiwacheke sana Waingereza lakini. Mzee wa Texas nilimweleza baadaye kwamba kwetu dukani unaulizwa, "Soda ya baridi au ya moto?" na hiyo ya moto ni soda iliyokaa tu kwenye kreti, haijaona friji. Hakuna aliyeichemsha. Alibaki ananitazama. Nikaongeza kuwa moto huo huo ndio unaounguza nyumba na ndio mtu huota wakati wa baridi, na kwamba nikisema mambo ni moto naweza kuwa namaanisha mazuri au mabaya, itategemea sura yangu. Akasema basi lugha yenu nayo inahitaji kibali cha maandishi.

Mnaokwenda viwandani muhula huu, mtu akikwambia hot, muulize ni hot ya nini: ya joto, ya umeme, ya cheche, ya mionzi? Hakuna atakayekucheka, na akikucheka mwache acheke. Kwenye kabati la umeme usipime kitu kwa mkono, kuna vifaa vya kupimia. Na swichi iliyozimwa bila kufungwa kwa kufuli na kuwekewa kibao chenye jina lako, ihesabu kuwa haijazimwa.

Yule mzee tulifanya naye kazi wiki sita zaidi. Akizungumza na wengine aliendelea na hot yake. Akigeuka kwangu alikuwa anasema "live", tena anairudia mara mbili.