Motere Mpya, Maji Inachemka

Kamio ya zamani ikipewa motere ingine na maji ikachemka, watu wanasema mara moja: motere ni mbaya! Tusikimbilie kuuza ng’ombe. Tuulize kwanza: inachemka wapi? Kama ni kupanda tu polepole toka Sake kwenda Masisi, tuangalie vantilatere. Mara nyingi imebaki mbali na radiatere, upepo haupiti. Kama inachemka hata ikikimbia njia ya sawasawa, pengine radiatere imeziba, ao ni ndogo: ilitengenezwa kwa motere ya kwanza. Kizibo nacho! Hapa Goma, mita 1.500 juu ya bahari, maji inachemka kwa digrii 95 hivi. Kizibo kisichobana kinaiacha ichemke upesi. Lakini tusikifungue kingali moto: maji itaturukia usoni.